Kupanda Mikoko: Kazi ya Mikono na ya Dhamiri



Katika Waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 39, hayati Papa Fransisko aliitaja mikoko waziwazi, akionya juu ya kutoweka kwake katika baadhi ya pwani. Sisi wa Bagamoyo tunayo misitu hiyo karibu nasi, kuanzia Mbegani na Kaole hadi mlangoni mwa Mto Ruvu. Kamba na samaki wachanga hujificha kati ya mizizi yake hadi wakue, na mizizi hiyohiyo hupunguza nguvu ya mawimbi yanayokula ufuko. Mikoko inapokatwa kwa ajili ya boriti, kuni au mashamba ya chumvi, riziki ya mvuvi nayo hupungua.

Tunawapongeza vijana na jumuiya wanaojitolea kupanda. Hata hivyo, moyo mwema pekee hautoshi, kwa maana kila mti una mahali pake. Mlilana husimama mbele, kuelekea baharini. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyosimama kama miguu, hupenda tope laini linalofikiwa na maji mara kwa mara. Mkandaa hukaa nyuma zaidi, nao mchu huota mbele na nyuma vilevile.

Kosa la kawaida ni kuchomeka miche kwenye tope tupu linaloonekana maji yakipwa, kwa sababu tu ni rahisi kufika. Hapo maji hukaa muda mrefu mno, na miche mingi hufa. Kinyume chake, palipo na mbegu na maji yapitayo vizuri, msitu hujirudisha wenyewe, mradi shoka lizuiwe.

Basi, kabla ya kupanda tuwaulize wavuvi wazee msitu ulisimama wapi. Tuwashirikishe pia maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu, maana mikoko ni hifadhi ya taifa. Baada ya miezi kadhaa turudi kuhesabu miche iliyo hai, si ile tuliyopanda.

Kitabu cha Mwanzo (2:15) chatukumbusha kwamba kulima na kutunza ni wajibu mmoja. Tukipanda Jumamosi, kisha Jumatatu tukanunua boriti zisizo na kibali, tumejidanganya wenyewe. Toba ya kweli huanzia hapo.

Tumsifu Yesu Kristo.