Usimeze dawa ya presha kwa mazoea

Wagonjwa wengi wa shinikizo la damu na kisukari humu nchini huandikiwa dawa mara moja, kisha huzifuata dawa zizo hizo miaka nenda miaka rudi. Kila mwezi hupeleka kitabu cha kliniki, hupewa tembe zao na kushika njia kurudi nyumbani. Wengine hata hawaendi. Humtuma mjukuu na kitabu, ilhali mjukuu hawezi kupimwa presha kwa niaba ya nyanyake.

Kuchukua dawa ni jambo moja, na kukaguliwa dawa ni jambo jingine. Hili la pili ndilo husahaulika, na aghalabu itabidi mgonjwa mwenyewe alikumbushe, kwa maana daktari mwenye foleni ndefu mlangoni huona yaliyoandikwa mwezi uliopita, naye akaandika aendelee.

Hebu tutazame enalapril, dawa ya presha inayotumika sana katika hospitali zetu. Ni dawa nzuri, ila huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokoma. Mgonjwa hadhani ni tembe zake. Hununua dawa ya kikohozi chupa baada ya chupa, hulaumu vumbi, hulaumu baridi ya Julai. Akimweleza daktari kwamba kikohozi kilianza baada ya kuanzishwa dawa hiyo, anaweza kubadilishiwa, mathalan apewe losartan, na kwa kawaida kikohozi hutulia baada ya wiki kadhaa. Mwanamke anayetarajia kushika mimba naye aseme mapema, kwani dawa hizo zote mbili zaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kisha kuna dawa za maumivu. Magoti yakimsumbua nyanya, hununua diclofenac au ibuprofen dukani, na hamwambii daktari kwa kuwa hiyo "si dawa ya kliniki". Kumbe dawa hizo zaweza kupandisha presha, na zikichanganywa na enalapril na dawa ya kukojoza, zaweza kuharibu figo. Daktari akiona presha imepanda, huongeza dawa nyingine. Masikini, iliyostahili kuondolewa ni ile ya magoti!

Majina nayo huwachanganya watu. Amlodipine huuzwa kwa majina tele, na Norvasc ni mojawapo tu. Mgonjwa aliyepewa tembe hospitalini, kisha akanunua nyingine zenye jina tofauti, huenda akameza dawa moja mara mbili. Jina halisi la dawa mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya lile la kampuni. Hilo ndilo la kunakili daftarini, pamoja na idadi ya miligramu. Kumwambia muuzaji, "Mwanangu, nipe zile nyeupe ndogo," hakutoshi. Nyeupe ndogo ni nyingi.

Basi angalau mara moja kwa mwaka, tia dawa zako zote mfukoni, za hospitali, za dukani na hata za mitishamba, uzimwage mezani pa daktari au mfamasia. Uliza kila moja ni ya nini na kama bado unaihitaji. Anayetumia metformin aulize lini figo zake zilipimwa mwisho, na ikiwa ameitumia miaka mingi, aulizie vitamini B12. Mzee anayetumia glibenclamide akiona anatetemeka na kutokwa na jasho akiwa na njaa, huenda sukari imeshuka mno. Ale au anywe kitu kitamu mara moja, kisha amweleze daktari.

Ila usijiachishe dawa. Kipimo kikisoma 120/80 si kwamba umepona. Yamkini ni dawa inayofanya kazi. Atenolol ikikatizwa ghafla yaweza kuutia moyo mashakani.

Na usingoje tembe ya mwisho. Madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wakagoma tena siku 56 mwaka wa 2024. Hata pasipo mgomo, tembe 28 huisha siku ile ile ya kliniki, na siku hiyo yaweza kuangukia sikukuu au dawa ikose hospitalini. Zikibaki za wiki moja, nenda. Ikiwa presha yako imetulia, uliza kama unaweza kupewa za miezi miwili au mitatu kwa pamoja.