Je, Wajua? Nyota wa Sinema Aliyeongoza Kifaru

Je, wajua kwamba Jean Gabin, aliyekuwa miongoni mwa waigizaji mashuhuri kabisa wa Ufaransa katika miaka ya 1930, aliiacha Hollywood na starehe zake zote, akajiunga mwaka 1943 na majeshi ya Ufaransa Huru, na hatimaye, akiwa amekwisha timiza miaka arobaini, akaingia vitani akiongoza kifaru kilichoitwa Souffleur II katika jeshi la Jenerali Leclerc? Ushujaa huo, uliostahili heshima kuliko makofi ya watazamaji, ulimpatia nishani za Croix de guerre na Médaille militaire.

Alipofariki mwaka 1976, majivu yake yalitawanywa baharini kutoka kwenye manowari.

Jina Gabin halikuwa la ukoo. Alizaliwa akiitwa Moncorgé, nalo Gabin lilikuwa lakabu ya babake jukwaani.

Na ajabu inipendezayo zaidi: katika La Grande Illusion, filamu ya mwaka 1937, koti la kijeshi alilolivaa Gabin lilikuwa la mwongozaji mwenyewe, Jean Renoir, aliyelivaa alipokuwa rubani katika Vita Vikuu vya Kwanza.