Kidole Kikikataa Getini

Mashine za kuweka kidole zilipoingia viwanda vya Thika, wasimamizi wengi tulizipokea kwa furaha. Daftari la mahudhurio lilikuwa na wizi wake: mtu alimwekea mwenzake sahihi, na karani mwenye tamaa aliuza siku. Nimesimamia zamu kwa miaka mingi, nikipanda matatu ya alfajiri kutoka Ruiru, na sitamani daftari lile lirudi.

Lakini vidole vya mfanyakazi huisha. Saruji hula ngozi. Nanasi, zao lililoipa Thika umaarufu, lina kimeng'enya kiitwacho bromelini kinachovunja protini, na mikono inayoloa maji yake mchana kutwa hulainika hadi mistari ya kidole ikafifia. Mama aliyetembea kwa miguu kutoka mtaa wa Kiandutu anaweka kidole, mashine inalia. Anakipangusa kwenye leso, anarudia. Foleni nyuma yake inanung'unika, naye askari anamruhusu apite. Mwisho wa mwezi siku ile haimo kwenye malipo yake. Anakuja kwangu: "Madam, si uliniona?"

Nilimwona. Swali la uongozi ni kama kuona kwangu kuna uzito wowote. Mahali pengi askari humtuma kwa karani, karani humtuma ofisini, na ofisi husema ndivyo kompyuta inavyoonyesha. Kila mmoja ana cheo, hakuna mwenye mamlaka ya kusema mashine imekosea.

Sheria ya Kenya imeliona jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu alama za vidole kuwa taarifa nyeti, na kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika mambo yanayomgusa kwa uzito. Anaweza kudai uamuzi uangaliwe upya. Kabla yake, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, ilishaamuru kwamba anayetaka kumfuta mtu kazi kwa utovu wa nidhamu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na amsikilize. Mashine haisikilizi. Lazima awepo mtu.

Kwenye zamu yangu tunasajili vidole kadhaa, cha pete kikiwemo kwa kuwa huchakaa polepole. Getini pana karatasi. Kidole kikikataa, naandika jina la mfanyakazi na saa, tunatia sahihi wote wawili kabla hajavaa aproni, na Ijumaa karani analinganisha karatasi na kompyuta mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi. Kazi hiyo hunichukulia muda mfupi kuliko kutuliza ugomvi wa mwisho wa mwezi.

Watu husema vibarua huogopa teknolojia. Si kweli. M-Pesa ilipoanza 2007, watu hawa hawa waliikumbatia, maana walijua hatari ya kurudi nyumbani usiku na bahasha ya mshahara. Iliwaondolea shida yao. Mashine ya geti ilikuja kuondoa shida ya mwajiri, na hakuna aliyewauliza wao kitu.

Sasa kuna mazungumzo ya mashine za kusoma uso. Kabla hatujalipa hata shilingi, nataka zijaribiwe pale pale getini, kabla ya jua kuchomoza, na wanawake wa zamu ya asubuhi, vilemba vikiwa kichwani.