Tano Tisa: Taarifa au Salamu? Mfano wa Sajili ya Redio ya Ridhaa



Mada niliyoichagua huenda ikaonekana kuwa mbali na isimu. Inahusu redio ya ridhaa, yaani mawasiliano ya redio yanayofanywa na watu wenye leseni kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha, bila kutafuta faida ya fedha. Naiita ya ridhaa kwa maana ileile tunayoikusudia tunapomtaja mchezaji wa ridhaa. Watu hao wamo duniani kote, na kwetu pia wamo: alama za wito za waendeshaji wa Tanzania huanza kwa 5H, za Kenya kwa 5Z na za Uganda kwa 5X. Lugha zao za nyumbani ni nyingi, lakini wote hutumia sajili moja yenye kaida zinazofahamika. Katika mhadhara huu nitajadili kipengele kimoja tu cha sajili hiyo, nacho ni tarakimu ambazo kwazo mtu humwarifu mwenzake jinsi anavyomsikia. Hoja yangu ni kwamba tarakimu hizo zimepita njia ambayo maneno ya Kiswahili yenyewe yameipita, na kwamba njia hiyo, ingawa ni ya kawaida katika lugha, ina gharama yake.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Mwendeshaji husikiliza kwanza, kisha huuliza iwapo masafa yanatumiwa na mtu mwingine. Asipojibiwa, huita CQ, maana yake "nawaita wote", na kutaja alama yake ya wito. Herufi za alama hiyo huzitamka kwa majina maalumu: Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea. Majina hayo yalianza kutumika rasmi katika usafiri wa anga wa kimataifa mwaka 1956. Tahajia ya Alfa, na ile ya Juliett yenye t mbili, ilichaguliwa ili wasemaji wa lugha mbalimbali wasikosee matamshi. Anayejibu hutaja alama ya aliyemwita na ya kwake. Baada ya hapo, kabla ya jina na mahali, hutolewa taarifa ya usikivu.

Taarifa hiyo hufuata mfumo wa RST, unaohusishwa na Arthur W. Braaten wa Marekani, mwaka 1934. Sehemu ya kwanza ni ueleweka wa maneno, kuanzia 1, yaani hayaeleweki kabisa, hadi 5, yaani yanaeleweka kikamilifu. Sehemu ya pili ni nguvu ya mawimbi, kuanzia 1 hadi 9. Ya tatu ni usafi wa mlio, nayo hutumika katika mawasiliano ya Mosi tu. Kwa hiyo usikivu ulio bora huelezwa kwa 59 katika sauti, na kwa 599 katika Mosi.

Tuzingatie kwamba tarakimu mbili za kwanza hazisemi jambo moja. Nguvu ya mawimbi inaweza kupimwa kwa chombo: kwa kipimo kinachofuatwa katika masafa mafupi, 9 ni volti ndogo sana, mikrovolti 50 kwenye mlango wa kipokezi, na kila hatua ya kushuka ni desibeli 6, yaani volti hupungua kwa nusu. Ueleweka, kwa upande mwingine, hauna chombo; hakimu wake ni sikio. Mtu anaweza kupewa 53, maana yake "sauti yako ni hafifu lakini nimeelewa kila neno." Mwingine anaweza kupewa 39: "unavuma sana, lakini nakuelewa kwa shida," pengine kwa sababu kituo kingine kinamwingilia. Maneno mawili tu hubeba maarifa hayo yote.

Hivyo ndivyo mfumo ulivyokusudiwa. Lakini matumizi ni jambo jingine. Katika mashindano ya kimataifa ya CQ World Wide, kila mshiriki hutoa taarifa ya usikivu pamoja na namba ya kanda yake. Aliyeko Tanzania au Kenya yumo kanda ya 37. Karibu kila mtu humpa mwenzake 59, awe amemsikia vizuri au kwa taabu. Hutokea mtu akasema: "Uko tano tisa; tafadhali rudia alama yako ya wito." Ikiwa ni tano, kwa nini arudie? Wapo wakongwe wa redio wanaouita mtindo huu uongo mtupu.

Mwanaisimu hana budi kuwa na subira kabla ya kutoa hukumu hiyo. Asili ya shikamoo huelezwa kuwa ni kushika miguu, lakini hakuna anayemwita mwongo kijana anayeamkia akiwa amesimama wima. Sijambo ni "sina jambo", na mgonjwa aliyelala kitandani hulitamka vilevile. Maana ya asili imefifia, uamilifu wa kijamii umebaki. Aidha, maana inapofifia, umbo nalo huelekea kufupika. Kitenzi taka ndicho kilichotupa kiambishi -ta- cha wakati ujao, na kwisha kikatupa -sha- katika ameshakula. Katika Mosi, tarakimu 9 huhitaji alama tano, ilhali herufi N huhitaji mbili tu. Ndiyo sababu 599 siku hizi hupigwa kama 5NN. Kwa ushahidi huo, 59 ya mashindano si taarifa iliyopotoshwa, bali ni salamu. Wote wawili wanajua hivyo, na hakuna anayedanganyika.

Hata hivyo, gharama ipo. Tangu Claude Shannon alipochapisha nadharia yake ya mawasiliano mwaka 1948, tunafahamu kwamba ujumbe unaoweza kubashiriwa kikamilifu haubebi taarifa yoyote. Tuchukulie kwamba simu zimekatika baada ya mafuriko, na mwendeshaji anasoma orodha ya dawa zinazohitajika na idadi yake. Akiambiwa 33, atasoma polepole, atarudia kila tarakimu na kuomba arudishiwe. Akiambiwa 59 kwa mazoea, atasoma mara moja na kuendelea. Kosa litakalotokea halitakuwa la mitambo, bali la lugha.

Je, tuiondoe salamu? Kiswahili kinatuonyesha njia nyingine. Maamkizi yetu yana nafasi mbili. Kwanza huja salamu, ambayo jibu lake ni moja: sijambo, nzuri, salama. Kisha huja habari, na mara nyingi mlango wake ni neno ila: "Nzuri, ila mtoto anaumwa." Adabu na ukweli havigombanii kiti kimoja. Msimbo wa redio una kiti kimoja tu, na adabu imekikalia. Kwa hiyo mwendeshaji makini hutenganisha mambo hayo: katika mashindano hutoa 59 kama wenzake, na katika mazungumzo ya kawaida husema anachosikia.

Mwaka 2017 ilitolewa FT8, mtindo wa mawasiliano ambao kompyuta yenyewe hupima mawimbi dhidi ya kelele na kutuma jibu kwa desibeli, mathalani −15. Ukweli wa kipimo umerudi. Lakini kilichorudi ni nguvu tu. Tarakimu ya ueleweka, ile iliyohitaji mtu mwenye sikio na uaminifu, haimo.

Basi mwanafunzi anayetafuta uwanja wa utafiti asiidharau sajili hii ndogo. Ndani ya tarakimu mbili anaweza kuona salamu ikizaliwa, na kuona pia ni lini jamii inalazimika kulirudishia neno maana yake.