Gari la farasi

Gari la farasi ni chombo cha usafiri chenye magurudumu mawili au manne kinachovutwa na farasi mmoja au zaidi. Zamani lilikuwa usafiri wa kawaida katika miji mingi ya Ulaya, Asia na Amerika. Siku hizi hutumika hasa kutembeza watalii katika bustani na mitaa ya kale. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, ikiwemo Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, halikuenea, na sababu kubwa ni magonjwa ya wanyama.

Neno "gari" limetokana na Kihindi na "farasi" na Kiarabu.

Matembezi ya bustanini

Mfano maarufu ni Central Park, bustani ya hekta 341 katika jiji la New York, Marekani, iliyoanza kufunguliwa kwa umma mwaka 1858. Wabunifu wake, Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walitenga njia za magari ya farasi, za wapanda farasi na za waendao kwa miguu, ili wasigongane.

Abiria hukaa nyuma, chini ya paa la kukunjwa. Mwendeshaji hukaa mbele, juu kidogo, akishika hatamu. Yeye pia ndiye kiongozi wa matembezi: huwaeleza wageni habari za madaraja, sanamu na maziwa wanayoyapita. Kwa kuwa farasi huenda polepole, abiria hupata nafasi ya kutazama na kuuliza.

Matembezi haya yana wapinzani wanaosema kwamba farasi huteswa na joto, moshi wa magari na ugumu wa lami. Huko New York sheria inakataza kuwafanyisha kazi joto likifika takriban nyuzi 32 za selsiasi. Jiji la Chicago lilipiga marufuku magari hayo kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Wenye magari hujibu kwamba farasi anayetunzwa vizuri haumizwi na kazi hiyo, na kwamba familia zao huitegemea.

Afrika ya Mashariki

Farasi hushambuliwa na maradhi mawili hasa. La kwanza ni nagana, linaloenezwa na mbung'o. La pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosababishwa na virusi na kuenezwa na wadudu wadogo wanaouma waitwao usubi. Farasi wengi wanaoambukizwa hufa. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuugua. Siku hizi farasi wanaofugwa hukingwa kwa chanjo.

Pwani kulikuwa na kikwazo kingine, yaani barabara. Malkia Victoria wa Uingereza alimpelekea Seyyid Said wa Zanzibar zawadi ya gari la farasi la kifahari, lakini Unguja haikuwa na barabara za kulipitisha. Mjini Mombasa, kabla ya motokaa kuenea, abiria walibebwa kwa vigari vidogo vya reli vilivyosukumwa na watu.

Barani, mizigo ilibebwa na wapagazi kichwani na mabegani. Gharama ya jambo hilo ilionekana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918). Farasi na nyumbu wa majeshi walikufa kwa wingi, na mamia ya maelfu ya Waafrika wakatumikishwa kubeba chakula na risasi. Wengi wao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, "Carrier Corps".

Mbinga na Ziwa Nyasa

Katika milima ya Umatengo, nchi ya kahawa na mashamba ya ngoro, watu walitegemea miguu, kisha baiskeli, malori na bodaboda. Leo barabara ya lami inateremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Matembezi ya kuongozwa yapo huku pia, ila bila farasi: mgeni hupanda mlima kwa miguu pamoja na mwenyeji, au hupanda mashua kutazama vivutio vya ziwani, kama Jiwe la Pomonda huko Liuli.