Fahamu: Wimbo unavuma Diani, pesa za msanii zinakwenda wapi?

Mgeni wa hoteli za Diani, pwani ya Kenya, hakawii kuimbiwa "Jambo Bwana", wimbo wa Them Mushrooms uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bendi inayoupiga kando ya bwawa hulipwa ujira wa usiku ule. Mtunzi ana haki nyingine, mirabaha: hoteli hulipia leseni, kisha vyama hugawa pesa. MCSK imekuwa ikisimamia watunzi, PRISK waimbaji na wapiga ala, KAMP maprodyuza.

Mgao wenyewe ndio unaovunja moyo. Mwaka 2019 wanachama wa MCSK walilalamika kwa kupewa Sh2,530 kila mmoja, mwenye wimbo unaovuma sawa na asiyesikika. Kwa kijana wa Msambweni anayejilipia studio mwenyewe, hiyo ni dhuluma.

Pesa nyingine hutoka kwenye milio ya simu, yaani wimbo anaousikia anayekupigia: hapo sheria ya mwaka 2022 inampa msanii au mwenye hakimiliki angalau asilimia 52 ya mapato. Kampuni ya simu inapata 39.5, na wakala anayeuza milio 8.5.

Lakini soma tena: "au mwenye hakimiliki". Ukiwa umemsainia prodyuza haki zote ili akurekodie bure, fungu hilo ni lake, hata kama sauti ni yako. Na haki za utunzi huishi miaka 50 baada ya mtunzi kufa, kwa hiyo wanao pia wamekosa.

Sajili wimbo wako kwa bodi ya hakimiliki, KECOBO, kabla ya kuutoa, na usitie saini karatasi usiyoielewa.