Mashine Ndogo ya Kupigia Msasa

Vijana wengi hudhani ya kuwa msasa ni kitu cha dukani tu. Sivyo. Msasa ni mti, na majani yake hukwaruza. Kwa majani hayo wazee walisugua mipini, vijiko na vigoda mpaka vikawa laini, na karatasi ya seremala ilipofika katika nchi zetu ikapewa jina la mti ule ule. Siku hizi msasa huendeshwa kwa umeme, nasi twapenda kueleza habari zake kwa ajili ya wale wa Kasulu na Kibondo wafanyao useremala kwa kupenda kwao tu: mwalimu baada ya kufunga shule, au mkulima mavuno yakiisha. Mtu wa namna hii hununua mashine moja, na fedha yake haina ya pili.

Kwanza tutaje zile asizozihitaji. Yuko atumiaye grenda ya kukatia chuma, akaifunga sahani ya msasa. Kazi huenda upesi, walakini ubao hubaki na mapinde yasiyofutika, na mashine ile ikiponyoka huumiza vibaya. Iko tena mashine ya ukanda, ambayo karatasi yake huzunguka upande mmoja bila kusimama. Hiyo hula mti kwa pupa. Yafaa kwa milango na meza kubwa, lakini ukiisahau mahali pamoja kwa nukta chache, ubao wako wa mninga umekwisha kuwa na shimo.

Zabaki mbili, nazo zote hushikwa kwa mkono mmoja. Ya mraba hutikisa karatasi katika viduara vidogo sana, wala haizungushi kitako chake. Ya mviringo hutikisa na kuzungusha pamoja, kwa hiyo hulainisha upesi zaidi na alama zake hazionekani sana. Katika miji mikubwa mafundi watakushauri ununue ya mviringo, na kwa kazi yenyewe wana haki. Lakini fikiri habari ya karatasi. Ile ya mviringo hutaka visahani vilivyokwisha kukatwa, vyenye mgongo wa kunata, na mara nyingi vyenye matundu yaliyopangwa sawasawa na ya kitako. Ya mraba hushika karatasi kwa vibanio viwili. Karatasi ya kawaida ina milimita 230 kwa 280. Ikate vipande vinne sawa, kila kimoja kitakuwa na 115 kwa 140, kadiri ile ile mashine itakayo. Basi duka lo lote liuzalo msasa wa mkono laweza kukulisha mashine yako. Kwa mtu akaaye mbali na maduka makubwa, sisi twaona ya mraba ndiyo ya kuanzia.

Katika habari ya umeme, soma kibati cha mashine kabla ya kulipa. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine iliyoandikwa 110 au 120 itaungua. Mashine ya wati 200 yatosha kabisa, nayo ikifanya kazi saa tano hutumia uniti moja tu. Jenereta ndogo ya wati 1000 huiendesha bila taabu, nalo ni jambo jema umeme ukikatika. Uliza pia kama kaboni zake zapatikana, maana ndizo zilikazo mapema. Kisha mwambie mwenye duka aiwashe, uishike: ikikutia ganzi mkononi kwa dakika moja, itakuwaje kwa saa nzima?

Sasa twaja kwenye jambo watu wapendalo kulipuuza. Vumbi la mashine ni jembamba kuliko la mkono, hukaa hewani muda mrefu, na huingia ndani ya mapafu. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza ya kuwa vumbi la mbao huleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua hata kabla ya hayo. Kwa hiyo usinunue mashine isiyo na mfuko wa vumbi, na mfuko peke yake hautoshi: vaa barakoa ya kuzuia vumbi, fanya kazi nje ya nyumba, na watoto wasicheze karibu.

Kazini, anza na karatasi namba 80, kisha 120, kisha 180, bila kuruka. Usiikandamize mashine, uzito wa mkono watosha. Mbao za msindano zina utomvu uzibao karatasi upesi, basi ikung'ute mara kwa mara. Mwisho pangusa ubao kwa kitambaa chenye unyevu, uuache ukauke, nyuzi zitasimama. Hizo zilainishe kwa mkono, kwa kufuata mkondo wa mti, na pembeni vivyo hivyo, kwa kuwa mashine huzila pembe zikawa butu.